Motokaa za Mashindano na Upepo Uzipingao

Yeyote aliyepanda kutoka Mombo hata Lushoto aijua njia ile: ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, na kona nyingi kabla ya kufika Soni. Katika miaka ambayo mbio kubwa za motokaa za Afrika Mashariki zilipita nchini kwetu, milima hii ya Usambara nayo ilikuwamo katika safari hiyo. Leo twataka kueleza jinsi watengenezaji wa motokaa walivyoshindana na upepo, na kwa nini elimu hiyo peke yake haikutosha huku kwetu.

Kwanza na tumfahamu adui mwenyewe. Mtu achukuaye bati siku ya upepo ajua kwamba akilisimamisha kuuelekea upepo husukumwa nyuma, bali akiuelekeza ukingo wake hupita kwa urahisi. Hewa haionekani, lakini ina uzito, na kila kiendacho hakina budi kuisukuma kando. Tena mwendo ukizidi mara 2, kizuizi cha hewa huzidi mara 4. Mwendo ukizidi mara 4, kizuizi huzidi mara 16. Hata nyuma ya gari mna vita, kwa maana hewa isiyofungamana tena taratibu huzunguka kama maji nyuma ya jiwe mtoni, ikalivuta gari nyuma.

Kwa sababu hiyo Edmund Rumpler alionyesha huko Berlin, mwaka 1921, motokaa yenye umbo la tone la maji. Baadaye, tarehe 28 Januari 1938, Rudolf Caracciola aliendesha Mercedes-Benz iliyofunikwa vizuri ili hewa iteleze juu yake, akapita kilomita 430 kwa saa katika barabara kuu karibu na Frankfurt. Asubuhi iyo hiyo Bernd Rosemeyer alijaribu kumshinda. Gari lake likaacha njia, naye akafa. Wengi wamesema ya kuwa upepo wa kando ndio uliompiga. Hapo twaona kwamba kuikata hewa si kazi yote. Gari sharti lishike ardhi.

Basi mwaka 1966 Jim Hall wa Marekani aliinua bawa juu ya gari lake lililoitwa Chaparral. Bawa hilo lilikuwa kama la ndege, lakini limegeuzwa chini juu, ili hewa iligandamize gari badala ya kuliinua. Mwaka 1968 wengine wa Ulaya wakafuata. Lakini mwaka 1969, katika mashindano ya Barcelona, mabawa ya magari mawili ya Lotus yalivunjika, magari yakaanguka, na mabawa marefu ya namna ile yakakatazwa mwaka uo huo. Tena bawa lina gharama yake: lisaidialo konani huchelewesha katika njia iliyonyoka.

Sasa na turudi nyumbani. Mbio za Afrika Mashariki zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zilifanywa wakati wa Pasaka, yaani wakati wa masika. Mwaka 1963 motokaa 84 zilianza, na 7 tu zikamaliza. Hizo nyingine hazikushindwa na hewa. Ziliharibiwa na matope, mito na mawe. Mtu apandaye mlima wetu kwa kilomita 40 kwa saa hukutana na kizuizi cha hewa kilicho sehemu 1 katika 16 ya kile cha kilomita 160. Uzito wa gari na utelezi ndio umlemeao. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Hata Datsun 240Z, yenye pua ndefu na umbo la kuteleza hewani, iliposhinda mwaka 1971 na 1973, ilihitaji chuma kigumu na dereva mvumilivu.

Wahenga walisema, kila chombo kwa wimbile. Elimu ya upepo ni elimu kubwa, nasi tusiidharau. Lakini mwenye hekima huuliza kwanza ni adui gani aliye mbele yake, ndipo achague silaha. Aliyejiandaa kwa upepo tu atakwama matopeni.