Gundi, si ulimbo

Mwandishi anayetaka kueleza kwa Kiswahili namna chembe nano za fedha zinavyotengenezwa bila kuchafua mazingira ana maneno manne mkononi: utomvu, ulimbo, sandarusi na gundi. Yote yanahusu kitokacho mtini, lakini hayabadilishani nafasi.

Utomvu ni maji ya mti kwa jumla. Ulimbo ni ule unaonata, wa kunasia ndege. Sandarusi, iliyokuwa ikisafirishwa kutoka Zanzibar kwenda kutengenezewa vanishi Ulaya na Marekani, haiyeyuki majini. Gundi ya mgunga, ambayo Sudan inaongoza kwa kuizalisha, huyeyuka, na hapo ndipo penye tofauti.

Maabarani gundi hiyo huyeyushwa, ikachanganywa na nitrati ya fedha, kisha ikapashwa moto. Sukari zilizoungana ndani yake huzipa ayoni za fedha elektroni. Maji yaliyokuwa maangavu hugeuka manjano, halafu kahawia: dalili kwamba chembe zimeanza kutokea. Gundi hiyohiyo huzivika chembe zisishikamane, na kemikali kali kama sodiamu borohaidridi hazihitajiki.

Kwa hiyo neno tulilozoea kwa kubandikia bahasha hapa linataja kitu kinachotenganisha. Kazi hiyo si ngeni: waandishi wa kale wa Misri na Uarabuni walitia gundi hii kwenye wino wa masizi ili masizi yasigandamane. Basi tuandike “gundi ya mgunga”, na ulimbo tuwaachie wategaji wa ndege.