Kituo cha Kwanza: Dresa, Askari na Muuguzi katika Bonde la Kilombero

Katika Kiswahili cha hospitali za Tanzania, muuguzi aliyekwisha kufuzu masomo yake hasemi kwamba amechagua mahali pa kufanyia kazi. Husema kwamba amepangiwa. Kitenzi hiki kinastahili kuangaliwa kwa makini. Kupanga ni kuweka vitu au watu katika safu: hupangwa vyombo kabatini, hupangwa askari uwanjani. Katika umbo la kupangiwa, muuguzi husimama mwanzoni mwa sentensi kana kwamba yeye ndiye mwenye kutenda, kumbe ametendewa. Aliyepanga hatajwi, wala hapana haja ya kumtaja. Mwanajeshi na muuguzi hulitumia neno hili kwa namna moja, na mwanajeshi aliye muuguzi hulitumia maradufu. Ushirika huu wa maneno haukutokea kwa nasibu. Historia ya uuguzi katika Bonde la Kilombero yaonyesha jinsi desturi ya jeshi ya kumtuma mtu ilivyoingia katika kazi ya kuwatunza wagonjwa, na jinsi ilivyopata mpinzani katika bonde hilohilo.

Neno la pili ni kituo. Asili yake ni kutua, yaani kuweka mzigo chini. Kwa wapagazi wa misafara, kituo kilikuwa mahali pa kupumzikia hata kesho yake, wala si mahali pa kukaa. Washairi nao huuita mshororo wa mwisho wa ubeti kituo, kwa sababu hapo ndipo sauti na maana hutua. Dola ya kikoloni ilipolichukua neno hili kwa ajili ya watumishi wake, maana ya safari haikutoka ndani yake: mtumishi aliyepelekwa kituoni alitazamiwa kuondoka siku moja. Wagonjwa wa kijiji hawakuwa na safari ya namna hiyo.

Bonde lenyewe limelala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini mashariki. Wakazi wake wa tangu zamani ni Wandamba, wavuvi na wapiga kasia mashuhuri, pamoja na Wambunga na Wapogoro. Mvua za masika zikishuka, mto hupanda kingo zake ukaenea juu ya tambarare, na vijiji vingi huwa kama visiwa. Ardhi hiyohiyo inayozaa mpunga kwa wingi ndiyo inayozaa mbu. Na katika nyumba za udongo wa zamani papasi walikaa katika nyufa za sakafu, wakawapa watu homa yenye kurudi mara kwa mara. Mgeni aliyetumwa huko hakuwa na budi kuyafikiri mambo mawili: atafikaje, na akiugua yeye mwenyewe atatokaje.

Dawa za kizungu zilifika pande hizi nyuma ya bunduki. Wajerumani walikuwa na boma la kijeshi Mahenge, juu mlimani, na hapo ndipo tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliposhambulia wakaanguka kwa wingi mbele ya bunduki za mtombo. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya vita hivyo, uliotolewa mwaka 1957 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, wajulikana sana kwa wasomaji wa lugha. Watunzi wa tenzi wameipenda habari ya mwenye kujeruhi. Mwenye kumfunga majeruhi kidonda amepata beti chache.

Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ililifanya bonde kuwa njia ya majeshi. Mahenge ikawa ngome ya Wajerumani hata tarehe 9 Oktoba 1917, ilipotwaliwa na askari wa Kongo waliokuwa chini ya maofisa wa Kibelgiji. Yajulikana vyema kwamba katika vita hivyo wapagazi walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi: kuhara, homa ya mapafu, malaria, na njaa yenyewe. Kwa ajili hiyo Waingereza waliunda kikosi cha tiba cha Waafrika mwaka 1917, kilichoongozwa na Meja G. J. Keane, wakaandika vijana wa shule za misheni za Uganda. Vijana hao walikuwa wamesoma. Baadhi yao walitoka katika jamaa zenye cheo. Na walitumwa katika hospitali za wapagazi kwenye nchi ambayo hawakuwa wameiona. Kuingia kwao kikosini huenda kulikuwa kwa hiari, lakini kituo hakikuwa cha hiari. Hao wana haki ya kuhesabiwa miongoni mwa wauguzi wa kijeshi wa kwanza wa Afrika Mashariki, na kazi yao ilisaidia kuwashawishi wakubwa kwamba Waafrika wafundishwe uganga Mulago, na baadaye Makerere.

Baada ya vita ilitokea njia nyingine, isiyofanana kabisa na ile ya jeshi. Katika miaka ya 1920 mkuu wa idara ya tiba ya Tanganyika, Dk. J. O. Shircore, aliweka mpango wa madresa wa tawala za wenyeji. Utawala wa mahali ulimtoa kijana wake, akafundishwa kwa muda katika hospitali ya serikali, kisha akarudi kwao kufungua kibanda cha dawa na kulipwa kutoka hazina ya utawala huohuo. Neno dresa lilikuja pamoja naye kutoka Kiingereza, nalo lilimtaja kwa kazi yake ya kufunga vidonda. Elimu yake ilikuwa haba, na madaktari wengi walimdharau. Lakini dresa alikuwa na jambo moja ambalo askari wa tiba hakuwa nalo: aliijua lugha ya mgonjwa, na mgonjwa alimjua mama yake. Swali la kituo cha kwanza lilikuwa limejibiwa kabla ya kuulizwa. Hata hivyo yafaa kusema kwamba uhuru wake haukuwa mkubwa kuliko wa askari; aliyemchagulia alikuwa mkubwa wa kwao badala ya mkubwa wa kambi.

Njia ya tatu ilikuwa ya watawa. Wakapuchini wa Uswisi walichukua kazi ya misheni ya Wabenediktini wa Kijerumani mwaka 1921, na pamoja nao walikuja masista wa Baldegg. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikua mikononi mwao, na Nazareti ikawa makazi ya wagonjwa wa ukoma. Sista naye hakuchagua kituo, maana aliweka nadhiri ya utii kama askari anavyokula kiapo. Tofauti ilikuwa katika muda. Askari alikihesabu kituo kwa miezi; sista aliweza kukihesabu kwa miongo, na baadhi yao wakazikwa bondeni. Si ajabu basi kwamba katika Kiswahili cha kila siku neno sista lilitoka utawani likawa jina la heshima la muuguzi yeyote mwanamke, hata asiyekuwa Mkristo.

Vita ya pili ya dunia iliongeza nguvu ya jeshi katika lugha ya hospitali. Kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Mashariki kilifundisha Waafrika wengi kazi ya wodi, na mafundisho mengi yalitolewa kwa Kiswahili kile cha kambini kilichoitwa KiKAR, ambacho wataalamu wa pwani walikikunjia uso. Walikuwa na sababu, kwani upatanisho wa ngeli ulikatwa ovyo. Lakini walioufundisha ulimwengu wa sindano na kipimajoto kwa watu wa makabila mengi walikuwa haohao wasemaji wa KiKAR. Wodini leo muuguzi hushika zamu kama mlinzi, huvaa sare, hupanda cheo, na siku ya kwanza huripoti kituoni. Neno muuguzi lenyewe halina harufu ya kambi. Latokana na kuuguza, yaani kumtunza augaye, kazi ambayo tangu zamani ilikuwa ya mama, dada na mke, nayo ilifanyika nyumbani pasipo mshahara wala amri. Mtu mmoja hubeba majina ya pande zote mbili.

Uhuru ulipokuja Desemba 1961, madaktari Watanganyika waliohesabiwa walikuwa 12 tu. Kwa bahati njema Ifakara ilikuwa imekwisha kuanza jambo lake. Katikati ya miaka ya 1950 mtaalamu wa wanyama Rudolf Geigy wa Basel, mwanzilishi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, alifungua hapo maabara ndogo, naye alivutwa hasa na wale papasi wa nyufani. Mwaka 1961, kwa msaada wa viwanda vya dawa vya Basel, kilifuata kituo cha kuwafundisha watumishi wa afya wa vijijini, ambacho baadaye kilikuwa chuo cha waganga wasaidizi. Maana ya jambo hili yapita ukubwa wa majengo yake. Mwanafunzi aliyesomea mjini alijifunza ugonjwa akiwa mbali na matope yake, kisha akapelekwa matopeni kama mtu aliyepewa adhabu. Aliyesomea Ifakara aliyaona matope tangu siku ya kwanza, na alipopangiwa zahanati ya ng'ambo ya mto hakuwa akienda nchi ya kigeni. Mpango wa Shircore ulikuwa umerudi kwa sura nyingine, ukiwa na elimu zaidi.

Wakati huohuo dola mpya ilitaka utii wa wasomi wake. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963. Jeshi la Wananchi likafuata mwaka 1964 baada ya maasi ya Januari. Serikali ilipotangaza kwamba wahitimu watalazimika kulitumikia taifa, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana tarehe 22 Oktoba 1966, na Rais Nyerere akawafukuza kwa mamia. Ubishi ule kwa kawaida husimuliwa kama habari ya mishahara na kiburi cha wasomi, nao ulikuwa hivyo kwa sehemu kubwa. Lakini ndani yake lilikuwamo swali lilelile la kituo: je, elimu iliyolipiwa na mkulima yampa mkulima haki ya kumwita msomi aje kwake? Nyerere alijibu ndiyo, na kwa miaka mingi vijana waliomaliza masomo walipita kambini kwanza. Mojawapo ya kambi hizo ni Chita, chini ya Udzungwa, kati ya Ifakara na Mlimba, palipo mashamba makubwa ya mpunga. Msichana wa mjini aliyekuwa anataka kuwa muuguzi aliweza kulifahamu Bonde la Kilombero kwa jembe kabla ya kulifahamu kwa sindano.

Jibu la Nyerere lilikuwa na haki, lakini halikukamilika. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati ziliongezeka sana vijijini, na wahitimu wakapelekwa humo kwa barua. Barua haikuuliza kama kuna nyumba ya kulala, wala kama mume yuko Tanga. Ndipo walipojifunza kuomba uhamisho kwa sababu ya kumfuata mwenzi, sababu iliyokubalika upesi kuliko nyingine, na iliyolazimu vituo vya mbali kubaki na walio waseja na wazaliwa wa hapo. Mwaka 1993 serikali ilisimamisha ajira, na desturi ya kumpangia kila mhitimu ikakatika kwa zaidi ya mwongo mmoja. Kwa ghafula muuguzi akawa huru kuchagua, naye alichagua mji, au hospitali ya misheni, au kazi nyingine kabisa. Yeyote aliyedhani kwamba hiari peke yake ingejaza zahanati za bondeni alipata jibu lake katika miaka hiyo. Ifakara yenyewe ilipungukiwa kidogo kuliko majirani, maana ilikuwa na reli ya TAZARA tangu miaka ya 1970, hospitali iliyokubaliwa mwaka 1976 kuwa ya wilaya, na shule zake za afya. Upungufu ulikuwa mkali kwa walio upande wa pili wa maji.

Hata mwaka 2018, lilipofunguliwa daraja la mita 384, anayetoka Ifakara kwenda Mahenge alivuka mto kwa pantoni. Muuguzi mpya aliyepangiwa vijiji vya Ulanga alifika kivukoni na sanduku lake, na barua yake mfukoni, akangoja. Katika masika alingoja sana. Wengine walirudi Ifakara jioni ile, wakaandika barua ya kuomba kubadilishiwa, wengine walivuka.