Kusadiki, Kuamini, Kutumaini, Kutegemea: Historia ya Lugha ya Imani ya Kikristo katika Kiswahili

Utangulizi

Mkristo anayesali kwa Kiswahili ana vitenzi vinne, kwa uchache, vya kueleza namna anavyojiweka mikononi mwa Mungu: husadiki, huamini, hutumaini na hutegemea. Katika mazungumzo ya kawaida vitenzi hivi hupokezana kana kwamba ni kimoja, na kamusi nazo aghalabu hufasiri kimoja kwa kingine. Hata hivyo, kila kimoja kina historia yake. Vitatu vya kwanza vina asili ya Kiarabu; cha nne ni cha Kibantu. Tofauti hiyo ya asili iliwahi kuzua mabishano makali miongoni mwa watafsiri wa Biblia, kwa kuwa iligusa swali zito: je, imani ya Kikristo ingeweza kusemwa kwa maneno ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wameyatumia kwa karne nyingi katika dini yao?

Mhadhara huu unalifuatilia swali hilo tangu mwaka 1844. Hoja yake kuu ni kwamba watafsiri walilijibu kwa njia zinazopingana, lakini jibu lililodumu lilitolewa na waumini wenyewe, ambao waliyagawia maneno hayo kazi mbalimbali katika ibada na katika maisha ya kila siku.

Maneno yaliyokutwa pwani

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu, kadhi wa mjini. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini. Tafsiri ya kwanza ya Biblia katika Kiswahili ilizaliwa katika mazungumzo baina ya Mkristo wa Kijerumani na mtaalamu wa sheria ya Kiislamu, na sura zake za mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847.

Krapf hakuikuta lugha isiyo na msamiati wa dini. Alikuta *sala*, *ibada*, *dhambi*, *toba*, *rehema*, *neema*, *malaika*, *nabii* na *roho*, yote yakiwa na asili ya Kiarabu. Alikuta pia *Mungu*, neno la Kibantu ambalo Waislamu wenyewe walilitumia bila shaka yoyote. Hata *Injili* na *kanisa* yalikuwa maneno yaliyojulikana kupitia Kiarabu. Kwa hiyo mtafsiri hakuwa na haja kubwa ya kuunda istilahi. Tatizo lake lilikuwa kinyume chake: maneno yalikuwapo tayari, yamejaa maana, na maana hizo zilikuwa za dini nyingine.

Unguja na waliokombolewa

Kazi kubwa iliyofuata ilifanyika Unguja, ambako Misheni ya Vyuo Vikuu ilihamia mwaka 1864. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka 1874, alichapisha mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870 na kutumia miaka yake iliyobaki, hadi kifo chake mwaka 1882, katika kutafsiri Maandiko na sala. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na wakati wa Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu mahali palepale lilipokuwa soko, Mkunazini.

Wanafunzi wa mwanzo wa misheni hiyo walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi walitoka bara, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Walijifunza lugha hiyo na imani mpya kwa wakati mmoja. Kwao baadhi ya maneno ya ibada hayakuwa mafumbo. *Kukomboa* ni kukitoa kitu kilichowekwa rehani, au kumtoa mtu utumwani kwa malipo. Mtoto aliyejua bei iliyotajwa juu ya kichwa chake alipofundishwa kwamba Kristo ni *Mkombozi*, hakuhitaji maelezo marefu. Neno *Bwana* nalo lilikuwa na uzito wa namna yake. Kumwita Mungu kwa jina lilelile aliloitwa mmiliki wa watumwa kulimtaka muumini aamini kwamba yupo Bwana ambaye kumtegemea si utumwa.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Cecil Majaliwa, ambaye mwaka 1890 alipewa upadri, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Jina *Majaliwa* latokana na *kujalia*, kitenzi ambacho watu wa pwani, Waislamu kwa Wakristo, hukitumia wanapokiri kwamba jambo limewezekana kwa kutoa kwake Mungu. Biblia nzima iliyofuata lahaja ya Unguja ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ile iliyofuata Kimvita ikatoka mwaka 1914. Zote mbili ziliyapokea maneno ya asili ya Kiarabu bila kusita sana.

Pingamizi la Roehl

Wasiwasi kuhusu maneno hayo ulikuzwa hasa na Wajerumani. Katika mkutano wa mambo ya makoloni uliofanyika Berlin mwaka 1905, mchungaji Julius Richter alikishambulia Kiswahili kuwa ni njia ya kuueneza Uislamu. Wengine walipendekeza kwamba, badala ya kukiacha Kiswahili, kipunguziwe Uarabu wake. Aliyelichukua pendekezo la namna hii hadi mwisho wake alikuwa Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri aliyewahi kuandika sarufi ya Kishambala. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930, na Biblia nzima mwaka 1937.

Roehl alijitahidi kuweka neno la Kibantu kila alipoona linafaa. *Injili* aliiita *Utume Mwema*. Badala ya *kuamini* aliweka *kutegemea*. Kwa hiyo, katika Injili ya Yohana, anayeahidiwa uzima wa milele ni yule amtegemeaye Mwana.

Haifai kumhukumu Roehl kwa haraka. Waumini aliowafikiria waliishi bara, na lugha zao za nyumbani zilikuwa za Kibantu. Kwao *imani* lilikuwa neno la kufundishwa, ilhali *kutegemea* lilieleweka kwa mwili: mzee huitegemea fimbo yake, na paa hutegemea nguzo. Isitoshe, alikuwa na hoja ya kiteolojia. Mtu aweza kuamini kwamba Mungu yupo na maisha yake yasibadilike hata kidogo. Hawezi kumtegemea Mungu bila kumhamishia uzito wake. Kwa Mlutheri, aliyefundishwa kwamba imani ni kumtumaini Mungu kwa moyo wote zaidi ya kuyakubali mafundisho tu, kitenzi hicho kilikuwa zawadi.

Udhaifu wa hoja ulikuwa mahali pengine. Kwanza, *kutegemea* kuna kivuli chake. Methali yaonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na *mtegemezi* ni mtu asiyejiweza. Kweli, methali nyingine yasema kwamba mtegemea nundu haachi kunona. Suala lote, kwa hiyo, ni nani au nini kinachotegemewa. Lakini neno lenye pande mbili namna hiyo halikuweza kuubeba peke yake mzigo wote wa *imani*. Pili, kufikia mwaka 1930 vizazi kadhaa vya Wakristo vilikuwa vimekwisha kubatizwa, kuzikana na kuombeana kwa neno *imani*. Lilikuwa limekoma kuwa la kigeni.

Mizizi ya maneno

Ipo hoja ya tatu, nayo ni ya wanaisimu. *Amini* na *imani* yatokana na mzizi wa Kiarabu wenye herufi *a-m-n*, ambao umekipa Kiswahili pia *amani* na *amana*. Msingi wake ni usalama na uthabiti: cha kuaminiwa ni kile ambacho mtu aweza kukikabidhi amana yake akalala usingizi. Mzizi huohuo umo katika Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, na ndiko lilikotoka neno *amina* linalofunga sala za Wakristo. Aliyeliondoa *imani* ili kuisafisha Biblia alikuwa akiliondoa neno lenye undugu wa damu na lugha ya manabii.

*Tumaini* nalo lina mzizi wa Kiarabu unaohusu kutulia kwa moyo. Katika Kiswahili maana imesogea kuelekea mambo yajayo, lakini utulivu haukupotea: anayetumaini husubiri bila kuhangaika. *Sadiki* ni la mzizi wa ukweli, na ni ndugu wa *sadaka*. Kusadiki ni kukiri kwamba lililosemwa ni kweli, na kutoa sadaka ni kuuthibitisha ukweli huo kwa mkono.

Mgawanyo wa kazi

Biblia ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, na ambayo ilienea katika makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Afrika Mashariki, ilirudi kwenye *kuamini* na *Injili*. Tafsiri ya Roehl ilififia, ingawa kitenzi alichokipenda hakikufa. Kimo katika Biblia hiyohiyo ya Muungano. Mfano mzuri ni Mithali 3:5, ambapo msomaji huagizwa *kumtumaini* Bwana na hukatazwa *kuzitegemea* akili zake mwenyewe. Hapo vitenzi viwili vimewekwa bega kwa bega: kimoja kwa ajili ya moyo unaotulia, kingine kwa ajili ya mahali ambapo mtu asiegemeze uzito wake.

Ibada iliendeleza mgawanyo huo. Wakatoliki kwa vizazi vingi wamezoea kuiungama Kanuni ya Imani kwa neno *Nasadiki*. Walutheri husema *Namwamini*. Tofauti ni ya sarufi na ni ya maana pia. Katika *naamini kwamba*, kinachofuata ni habari. Katika *namwamini*, kiambishi cha mtendwa humleta mtu ndani ya kitenzi, na tamko la mafundisho hugeuka kuwa tendo la kumkabidhi mtu nafsi.

Nje ya kanuni za ibada, *kutegemea* kulipata makao katika maombi yasiyoandikwa na katika ushuhuda. Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda na kuenea Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 uliwazoesha wakulima, walimu na akina mama wa nyumbani kusimama mbele ya wenzao na kusimulia jinsi Mungu alivyowatendea: ugonjwa, ada ya shule, mvua iliyochelewa. Katika masimulizi ya aina hiyo mtu husema kwamba hakuwa na tegemeo lingine. Roehl alitaka neno hilo lishike mahali pa imani yote. Waumini wamelipa kazi mahususi, nayo ni kuisema imani pale uwezo wa binadamu unapokoma.

*Tumaini* limekuwa jina la watoto, na hata Chuo Kikuu cha Tumaini, kilichoanzishwa na Walutheri wa Tanzania katika miaka ya 1990, kililichukua. *Rehema* na *Baraka* ni majina ya watoto wa Kiislamu na wa Kikristo vilevile. Majirani wa dini mbili huagana kwa maneno *Mungu akipenda* au *tukijaliwa*, na hakuna anayeuliza neno ni la nani.

Hitimisho

Katika miaka ya 1990 ilitoka Biblia mpya iitwayo *Habari Njema*. Jina hilo ni tafsiri ya neno lilelile ambalo Roehl aliliita *Utume Mwema*. Neno la kwanza la jina ni la asili ya Kiarabu, la pili ni la Kibantu, na upatanisho wa sarufi umeyafunga pamoja. Suluhisho hilo dogo lalingana na historia nzima iliyoelezwa hapa.

Mjadala wa usafi wa Kiswahili haujaisha, na kila kizazi huwa na watu wanaopima uhalali wa neno kwa mahali lilikotoka. Historia ya lugha ya imani yaonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Mtoto aliyekombolewa Unguja alijifunza kumwamini Mungu kwa neno la dini ya watu waliokuwa wamemmiliki, na neno hilo halikumsaliti. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, fundisho ni la kimbinu pia: Biblia zilizochapishwa zaonyesha watafsiri walitaka nini, lakini maana zilizodumu zapaswa kutafutwa katika hotuba, ushuhuda, majina na maombi ya watu, ambako vitenzi vinne vingali vinafanya kazi nne.