HISTORIA NA NESI, SEHEMU YA 9: Mtoto wa kifalme aliyevaa sketi ya Waskoti

Leo nina stori ya kifalme. Inaanzia Ulaya ila inamalizikia hapa hapa Ugogo, kwa hiyo usiishie njiani.

Tuanze na vazi. Wanaume wa milima ya Uskoti wana sketi yao ya marinda, ya sufu, yenye mirabamiraba. Inaitwa kilti. Rangi zake ukiziona kwa mbali utadhani ni shuka la kijana wetu wa kuchunga ng'ombe. Mwaka 1746, baada ya uasi wa huko, serikali ya Uingereza ililipiga marufuku vazi hilo, na marufuku haikuondolewa mpaka 1782. Halafu mambo yakageuka: mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alikwenda Edinburgh akalivaa mwenyewe! Malkia Victoria na mumewe Albert, ambaye alikuwa Mjerumani, wakalipenda zaidi, wakawavalisha watoto wao. Vazi la waasi likawa vazi la ikulu.

Sasa twende kwenye harusi. Tarehe 10 Machi 1863, kule Windsor, mtoto wa Victoria, Edward, anaoa. Kati ya wageni yupo mjukuu wa Malkia, Wilhelm, miaka minne, kavalishwa kilti. Kanisani hakutulia. Wajomba zake wadogo walipojaribu kumtuliza, akawang'ata miguu! Wenye watoto wa umri huo mnanielewa.

Lakini mimi kama nesi naangalia mkono wake wa kushoto. Wilhelm alizaliwa Berlin tarehe 27 Januari 1859. Mama yake, Vicky, binti wa kwanza wa Malkia, alikuwa na miaka 18 na hiyo ndiyo mimba yake ya kwanza. Mtoto alitanguliza makalio. Uchungu ulikuwa mrefu, na katika kumtoa mishipa ya fahamu ya bega ikaumia. Mkono ukapooza, na alipokua ukabaki mfupi kuliko wa kulia. Wakamtibu kwa umeme, wakamfunga mkono ndani ya sungura aliyechinjwa muda huo huo. Haikusaidia. Ukiangalia picha zake za ukubwani, mkono ule unafichwa: umeshika glavu au upanga.

Mtoto huyo ndiye Kaiser Wilhelm wa Pili, mtawala wa Ujerumani tangu 1888. Mababu zetu hapa walikuwa chini yake. Na yule bwana harusi, Edward, alimzaa George wa Tano, mfalme wa Uingereza. Kwa hiyo vita vilipoanza mwaka 1914, waliopigana walikuwa mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, wajukuu wa bibi mmoja.

Ugomvi wa ndugu hao ulitufikia. Wajerumani walichukua chakula, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza walipoiteka Dodoma Julai 1916, nao wakachukua. Maghala yakabaki matupu, mvua nazo zikakosekana. Ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa, kati ya watu 150,000 wa Ugogo. Yaani mmoja katika kila watano. Hesabu kwa kaya yako, mama. Kaiser yeye alikimbilia Uholanzi mwaka 1918, akaishi huko mpaka 1941.

Tafadhali asije mtu akasema ulemavu ndio ulioleta vita. Hapana. Vita vililetwa na tamaa ya watu wazima wengi, na wengi wao walikuwa na mikono yao miwili mizima. Ninachokiona mimi ni mtoto aliyefundishwa kuuficha mwili wake. Hata leo wapo mama wanaofunika mkono wa mtoto kwa kanga ili mama mkwe asiuone. Usifanye hivyo.

Basi mama kijacho, chukua haya. Nenda kliniki mapema, na wiki za mwisho usikose, ndipo tunapopima mtoto amelalaje. Ukiambiwa ametanguliza makalio, usikae nyumbani kusubiri uchungu. Panga usafiri na pesa uende kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji. Ukijifungua ukaona mkono mmoja wa mtoto hauchezi kama mwingine, usiuvute wala kuukanda kwa nguvu. Mlete mara moja. Watoto wengi hupata nafuu ndani ya miezi michache wakifanyiwa mazoezi vizuri.

Mtoto wa Malkia, na madaktari wote wale, hakupata msaada ambao wewe leo unaweza kuupata. Usiuache.

Kama bibi yako aliwahi kukusimulia Mtunya, tuandikie hapa chini. Wazee wanaondoka nazo hizi stori. Usiku mwema.