Shamba la Anathothi

Somo: Yeremia 32:6–15



Natuikumbuke leo habari ya nabii Yeremia. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, naye amefungwa katika uwanda wa walinzi. Ndipo Bwana alipomwambia anunue shamba la jamaa yake huko Anathothi. Akapima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi mbele ya mashahidi, hati ikawekwa katika chombo cha udongo ipate kudumu. Ni nani anunuaye shamba ambalo adui amekwisha kulikanyaga?

Sisi wa Embu na Meru tunaielewa habari hii. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwezi wa Juni 1953, huko Chuka, askari wa King's African Rifles waliua watu wapatao 20 wasio na hatia. Tangu mwaka 1954 Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja waliondolewa makwao, wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi. Baba yuko kizuizini, mama anachimba handaki, watoto wanalala njaa.

Hali ya Hatari ilikwisha Januari 1960. Wengi walirudi, wakajenga tena. Lakini tusidanganyane: wako waliotoka kizuizini wakakuta mashamba yao yamekwisha kugawiwa wengine. Ilipita miaka zaidi ya 50 ndipo, tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza ilipotamka majuto, ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228. Wenzao wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Je, Mungu aliwasahau? Hata Yeremia, Maandiko hayasemi kwamba alilima shamba lile. Alichukuliwa mpaka Misri. Hati ile ilikuwa ya watoto ambao hawajazaliwa. Vivyo hivyo walioomba katika vijiji vile hawakuyaona yote waliyoyaomba. Sisi tuliozaliwa baadaye ndio tunaochuma kahawa na chai katika miteremko ile.

Basi kutumaini si kukana hasara. Ni kutenda leo tendo la mtu anayeitazamia kesho. Zingali ziko jamaa zisizosalimiana kwa kuwa babu mmoja alikuwa msituni na mwingine homgadi. Tukitaka Bwana aturudishie yaliyopotea, tuanze kwa kubisha hodi kwa jirani huyo.

Natuombe. Ee Bwana, tulinde tunapongoja, na utupe ujasiri wa kununua shamba siku ya taabu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.