Waimbaji Walioingia Siasa (Sehemu ya 6)

Nimetoka zamu ya usiku, chai ya tangawizi iko mkononi, tuendelee.

Kuna filamu ya Kifaransa ya 1965, Viva Maria!, ya Brigitte Bardot na Jeanne Moreau. Waimbaji wawili wa sarakasi wanajikuta wanaongoza mapinduzi. Inachekesha kweli. Ila sisi tulikuwa na ya kwetu miaka kumi kabla, na haikuwa maigizo.

Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar, akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Hawakuwa na tawi la akina mama. Ndipo akatafutwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba (watu wa Bombambili msianze kujidai, hakituhusu 😂).

Kwa nini mwimbaji? Vikundi vya lelemama tayari vilikuwa na viongozi wake, michango yake, na habari zilizopita nyumba kwa nyumba bila barua. Ndani ya miezi michache wakaingia wanawake wapata 5,000.

Haikuishia kwenye vigelegele. 1969 alikamatwa kwa uhaini. Akakana. 1971 kifungo cha maisha, 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Hapo ndipo panaponiuma mimi. Leo ndugu wanaosindikiza wagonjwa Muhimbili wanapita Barabara ya Bibi Titi, wanamjua kama kituo cha daladala tu.

Kesho, Mungu akipenda, tunarudi Ungoni kwetu: Nkomanile na Majimaji.