Mti wa Uchina, Vitanzi Vitatu na Dawa ya Homa ya Mafua

Wengi hudhani Tamiflu ni mitishamba iliyotiwa kwenye kidonge. Sivyo. Mti ulitoa malighafi tu. Wazo lilitoka kwenye picha ya kimeng'enya na programu ya kompyuta.

Virusi vya homa ya mafua vikishazaliana hubaki vimenasa juu ya seli. Hujinasua kwa mkasi wao, kimeng'enya kiitwacho nyuraminidezi. Ukiuziba mkasi huo, virusi vipya vinakwama. Mwaka 1983, Peter Colman na wenzake wa Australia walichapisha umbo lake, walilolipata kwa miale ya eksirei.

Huko Oxford, Peter Goodford akaandika programu iitwayo GRID, akaieleza hadharani mwaka 1985. Sisi waandishi wa programu tutaitambua mara moja: kimsingi ni vitanzi vitatu, x, y na z. Katika kila nukta ya shimo la kimeng'enya, inajaribu kikundi cha kemikali na kukokotoa mvutano. Mark von Itzstein na wenzake, Australia, waliitumia wakaona kikundi kimoja tu cha kubadilisha ili molekuli ing'ang'anie zaidi. Hiyo ndiyo zanamivir, iliyotangazwa mwaka 1993. Kasoro yake: haifyonzwi vizuri tumboni, hivyo mgonjwa huivuta kama unga.

Kampuni ya Gilead, California, ilitaka kidonge. Molekuli waliyobuni ilihitaji pete ya kaboni sita, na asidi ya shikimiki inayo tayari. Asidi hiyo imejaa kwenye kiungo cha Kichina chenye umbo la nyota ya ncha nane. Lakini kutafuna kiungo hicho hakutibu mafua! Dawa zote mbili ziliidhinishwa Marekani mwaka 1999.

Mwaka 2005, hofu ya homa ya ndege ilipotanda, nchi ziligombania akiba, na dawa ikategemea mavuno ya mti mmoja. Roche, watengenezaji, wakaongeza njia nyingine: bakteria wanaotengeneza asidi ileile kutokana na sukari.

Virusi navyo vikajibu. Msimu wa 2008–2009, H1N1 ya kawaida katika nchi nyingi ilikuwa na badiliko dogo lililoishinda Tamiflu. Zanamivir, inayofanana zaidi na sukari ambayo mkasi hukata, iliendelea kufanya kazi: virusi haviwezi kuikwepa kirahisi bila kuharibu mkasi wao wenyewe.

Kwetu tunajua: usiweke kila kitu kwenye seva moja. Usitegemee mti mmoja, wala dawa moja.